Udongo wa Kitalu cha Mama

Nyumbani walimwita dada mkubwa Daktari wa Matope, na mama yao ndiye aliyecheka kuliko wote. Kazi ya dada huyo ilikuwa kuchunguza vijidudu vya udongoni, vile visivyoonekana kwa macho, vinavyoilisha mizizi. Mama naye alikuwa na ua lake jeupe, limedeka kama kitinda mimba. Ukilipanda kwenye udongo mwingine, linanyauka. Lilitaka vijidudu vya kitalu kile kile cha mama tu.

Mama akafariki, nyumba ikauzwa, mnunuzi akamwaga zege hadi kwenye kitalu. Mdogo wake Daktari aliwahi kuokoa mche mmoja na mfuko mmoja wa udongo. Akaufunga mfuko kwa utepe mwekundu, rangi aliyoipenda mama, akaupeleka pamoja na mche maabara kwa dada yake. Dada mtu alikuwa porini akihesabu mimea, kwa hiyo akaviacha mezani.

Sasa, maabara ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila jaribio lilitaka udongo wa aina mbili: ulio hai, na uliopikwa kwa mvuke mpaka kila kilichomo kife, ili zilinganishwe. Wa kupikwa ndio uliofungwa utepe mwekundu. Fundi wa maabara, mtu mwaminifu hadi kero, aliuona mfuko, akaupika. Utamlaumu kwa lipi?

Daktari aliporudi, alitia mkono mfukoni mle. Udongo ulikuwa bado vuguvugu.

"Haukuandikwa jina?"

"Hapana, Dokta. Utepe tu."

Alikaa sakafuni na koti lake jeupe, akalia kwa sauti kama siku ya msiba. Kisha akajaribu kuupanda mche kwenye kila udongo aliokuwa nao. Majani yalipukutika yote.

Mdogo wake akapiga simu. "Dada, ua la mama linaendeleaje?"

Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi: ni utepe wako. Akayameza. Huyu ndiye aliyemuuguza mama peke yake. Angebeba na hili pia?

"Limekufa. Nimekosea mimi, mdogo wangu. Niliupika ule udongo."



"Mama alipougua, ukasema una kazi. Nikanyamaza. Leo hata udongo wake umekushinda?"

"Nisamehe."

"Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Aliibana sikioni vile vile, akaendelea kuomba radhi.