Mwimbaji Aliyekatwa

Jumatatu ile Nell Ostrander alipopewa ofisi ya mtayarishaji, alipanda ngazi na chungu cha maua na mkasi wake wa kukatia filamu, maana hakuwa na kingine cha kuhamisha. Kwa miaka mingi alikuwa amekata filamu za wanaume kule chini, katika chumba kisicho na dirisha. Nyingine zilimfikia zimeshakufa, akazifufua, na bado majina yaliyong'aa mwanzoni yalikuwa yao. Sasa studio ya Kestrel ilikuwa imempa ya kwake. Wenzake wa ghorofa ile walimletea waridi, kisha wakawekeana dau atarudi chini lini.

Mkuu wa studio, mzee Kesselbaum, aliyeuza glavu New York kabla hajaanza kuuza picha, alimwita akiwa anakunywa supu.

"Mwanangu, filamu ikiwaka, ofisi ni yako mpaka uzeeke. Ikizima, unakijua chumba chako kilipo. Supu?"

"Nimeshiba, Bosi."

"Muongo. Kaa unywe."

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi, yenye hoteli, treni na kesi mahakamani, na ndani yake Nell alitaka sauti ya Odessa Pettiford. Odessa alikuwa mwimbaji Mweusi wa Central Avenue, mtaa wa muziki wa Weusi, mama wa makamo, ambaye akianza kuimba hata mafundi wa taa waliacha kutafuna. Alikuwa ameimba katika filamu nyingi za Hollywood. Katika zote hizo hakuwahi kuwa na jina, wala hakuna aliyewahi kumuuliza kitu akajibu.

Hiyo ilikuwa desturi yetu sisi wa studio, na tuliifanya kwa ustadi kwelikweli. Mwimbaji Mweusi husimama kando ya piano, peke yake. Wahusika wakuu hawamsemeshi, hawamgusi, hawakatizi hata mbele yake. Hivyo filamu ikienda majimbo ya Kusini, ambako wenye majumba ya sinema hawakutaka kumwona, wimbo wake unang'olewa na hadithi inaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua. Nell mwenyewe alikuwa bingwa wa kung'oa. Hakuacha kovu.

"Bi Nell," Odessa alimwambia kabla ya kutia sahihi, "mimi sidai makubwa. Niandikie sehemu moja tu. Yule binti wa kwenye hadithi aje aniulize neno, nami nimjibu. Basi."

"Utaipata, Odessa. Nakuahidi."

Mmoja aliitwa Bi na mwingine akaitwa kwa jina tupu, ingawa huyo wa jina tupu ndiye aliyekuwa mkubwa. Nayo ilikuwa desturi.

Nell akaagiza ile sehemu iandikwe. Bosi akaipiga kalamu. "Wakimkata Odessa, binti atabaki anaongea na ukuta. Unataka Kusini yote watufungie milango?" Nell alibishana naye asubuhi nzima, kisha akayatazama maua yake pale dirishani, akanyamaza. Aliona aibu, lakini dirisha alilipenda. Odessa akaimba kando ya piano, peke yake.

Ulipofika wakati wa kuandaa nakala za Kusini, Nell alishuka akaukata wimbo kwa mkono wake, akisema kama ni dhambi na iwe yake. Akaketi na Bosi kuitazama kazi.

Wimbo haukuwepo. Katika sehemu iliyofuata, ya karamu ya hotelini, Odessa alikuwa ameketi mezani kati ya balozi na mama mkwe, na gauni lake lilelile, anajipakulia viazi.

"Hii mliipiga lini?" Bosi akauliza.

"Hatukuipiga."

"Hm. Kata."

Wakaikata karamu. Odessa akapanda treni, daraja la kwanza, kiti cha dirishani. Wakaikata treni. Akaonekana mahakamani, amekaa na wale wa kuamua kesi, na kesi imemchosha, anapiga miayo. Bosi akamshika Nell mkono.

"Tukiendelea hivi tutabaki na jina la filamu na neno Mwisho."

"Hata hapo kwenye Mwisho sina hakika naye," Nell akasema.

Wakamwita. Odessa alikuja na kikapu chake, alikuwa njiani kwenda sokoni.

"Odessa, umeonekana kwenye karamu ya hotelini," Bosi alisema.

"Ndiyo, Bosi."

"Nani alikukaribisha?"

"Hakuna. Lakini mlinitoa kwenye piano. Mlitaka nikakae wapi, barabarani?"

Bosi alilipima jibu, akaona lina haki yake. "Na kuku wao alikuwaje?"

"Amepakwa vanishi."

"Kila siku nawaambia watu wa vifaa!" Bosi akamgeukia Nell, na shauri likaishia hapo. Tarehe za sinema zilikuwa zimeshatangazwa. Filamu ikasafirishwa ilivyo, na Nell akakisogeza chungu chake karibu na mlango, kimngoje.

Wenye sinema wa Kusini walipomwona mezani walichukua mikasi yao wenyewe, kila mmoja akakata palipomkera. Thubutu! Mji mmoja walimkata mezani, akaonekana anaendesha gari la harusi. Mji wa jirani walimkata garini, wakamkuta madhabahuni ubavuni mwa mchungaji, ameshika maua ya bibi harusi. Bwana mmoja mwenye hasira zake alikata kila kitu akabakiza busu la mwisho tu. Odessa alikuwa kwenye kochi nyuma ya wapenzi, anasoma gazeti.

Watu hawakupiga yowe. Walianza tu kusafiri, toka mji hadi mji, kwenda kuona leo amekaa wapi. Waliokuja kununa wiki ya kwanza walirudi wiki ya pili na mashemeji zao. Na juu kwenye roshani, walikotengewa nafasi Weusi, wenye ngazi yao ya nje, ilikuwa sikukuu.

"Mama, kaa hapohapo!" walimpigia kelele. "Usimpishe mtu!"

"Huyo balozi mnyang'anye na nyama!"

Mama mmoja wa kanisa alikuja kila siku na kofia yake ya Jumapili, akicheka huku machozi yanamtoka. Alisema tangu azaliwe hajamwona mtu wa kwao akila meza moja na Wazungu bila kuinuka kwenda kuleta kitu jikoni.

Filamu ikawaka, tena ikawaka moto wa nyika. Kestrel haikuwahi kujaza sinema kiasi kile. Wale wa dau walimletea Nell waridi nyingine, safari hii wakiwa na adabu, na jina lake likaandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Kwenye hafla ya tuzo alipanda jukwaani, akamtaja Odessa kwa sauti, na ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi mpaka vijiko vikacheza mezani. Odessa aliwapungia mkono kutoka kwenye meza ndogo karibu na mlango wa jikoni, ndiko alikopangiwa. Alikuwa na furaha, hakuificha. Nell alimfuata huko akamkumbatia.

"Majimbo yote yale nimekaa nao meza moja, Bi Nell," Odessa akamwambia. "Chumvi nimeomba mpaka nimechoka. Hakuna hata mmoja aliyegeuka."

Kesho yake Nell aliingia kwa Bosi na hadithi ya filamu mpya, na ndani yake ukurasa ambao binti anamjia mwimbaji na kumuuliza neno. "Safari hii nina jina, Bosi. Sitanyamaza."

Bosi aliusoma akauweka kando ya supu. "Tumwandikie ya nini, wakati anakuja mwenyewe? Tukimwandikia atakaa tulipomwandikia. Nani atapanda treni kwenda kumwona mtu aliyekaa alipoandikiwa?" Akachovya mkate. "Piano ileile, peke yake. Na wimbo ukateni nakala zote, hata za Kaskazini. Kwani wao wamekosa nini?"

Nell alitaka kubisha, akagundua kwamba Bosi ana hakika, na hata yeye mwenyewe ana hakika, kwamba filamu hii itaipita ya kwanza. Hilo ndilo lililomuuma. Akauacha ukurasa wake, akaandika mwingine wa piano ileile, akaupeleka chumba cha mavazi, ambako Odessa alikuwa anapimwa gauni.

Odessa aliusoma. Akaugeuza nyuma, kulikuwa kweupe. Akacheka, akacheka sana, mpaka fundi akaondoa pini zake asije akamchoma.

"Nilijaribu, Odessa."

"Najua, Bi Nell. Hongera kwa jina mlangoni."

Fundi akamletea viatu vya hariri, vyenye visigino virefu. Odessa akavirudisha.

"Hivi hapana, shoga. Nitafutie vya kutembelea, visivyobana. Mwaka huu wananikata nchi nzima."