Mkwe Hatazamwi Akila

Mepukori alikuwa anatafuna ubavu wa mbuzi mbele ya simu, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, pale kioo kilipomwambia kuwa kapata mfuasi mpya. Akasoma jina kwa jicho moja, akalitema pande zima la nyama. Alikuwa mama mkwe wake.

Wewe ambaye hukuoa Umasaini utauliza, kwani kuna nini? Kuna mengi. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawatajani majina, wala hakuna anayekula mbele ya mwenzake. Mepukori akienda Wasso ukweni, akimwona mama huyo kwa mbali hukata kona nyuma ya zizi, hata kama huko nyuma ni miba mitupu. Na hapa Karatu banda lake la nyama choma liliishi kwa video anazorusha mtandaoni. Yeye anang'ata kipande cha kwanza, madereva wa watalii wanaona, wanaleta wageni wenye njaa.

Hayo angeyavumilia. Lakini mkewe, Resiato, alikuwa hukohuko Wasso tangu ajifungue, na wa kusema arudi lini ni mama huyohuyo. Mepukori alikuwa hajampakata mwanawe hata mara moja, na hamu ilimuuma.

"Nimtoe?" akamuuliza Emilian, Mwiraqw anayemkatia nyama.

"Thubutu. Binamu yangu wa Endabash alimwondoa mama yake wa ubatizo kule Insta. Mpaka leo wakipeana amani kanisani anapewa ncha za vidole."

Basi akaanza kuonyesha kabichi. Kabichi! Wateja wakauliza kama anaumwa. Banda lilipoanza kupwaya akarudia nyama, ila aling'ata akiwa ameipa simu mgongo. Hata hajameza, moyo mwekundu ukatua chini ya video. Moyo, kutoka kwa mama mkwe! Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Heri lawama kuliko fedheha," akasema. Akamfungia kabisa asione chochote, kisha akazima simu na kuifukia chini ya gunia la mkaa, utadhani mkaa ungemtetea.

Kesho yake alipoiwasha tu, Resiato akapiga. Mepukori akapokea akiwa amesimama.

"Baba Tajewo, umemfungia mama?"

"Mama Tajewo, ngoja nikueleze."

"Huna la kueleza. Anawatangazia majirani wote kuwa ana mkwe mwenye adabu. Anasema alikuwa anasubiri aone utakimbia lini. Mkwe wa kwa Parmuat anamtumia mama mkwe wake picha kifua wazi, lakini wewe umekata kona. Kaniambia nifunge mizigo."

Jumamosi Resiato akashuka kwenye basi, vumbi hadi kwenye kope, mtoto mgongoni. Mepukori akampakata mwanawe akalia mbele za watu, na hakujali. Jioni akachoma mbuzi, akang'ata mbele ya simu bila woga. Mfuasi mpya asiye na picha, aliyejiita Mbuzi Mweupe, akawa wa kwanza kuweka moyo.

Asubuhi Resiato akasema, "Mama anasema ule ubavu wa jana uliutoa motoni mapema."

"Kauonea wapi?"

Resiato akamkaza mtoto mgongoni, taratibu. "Nani kaona? Mtu na mkwewe hawatazamani."

Tangu siku hiyo Mepukori huiacha nyama motoni kidogo zaidi.