Mkono wa Pasta Ukutani

Kanisa letu hapa Malton, ughaibuni, ni ukumbi wa kukodi nyuma ya maghala, na ukuta wake mmoja umejaa picha zangu. Zote ni moja: mgonjwa kitandani, mwanga kutoka juu, na Pasta Kimani ameweka mkono kwenye paji la uso wa mgonjwa. Kule Nakuru nilikuwa nachora mbuzi kwenye kuta za bucha. Mbuzi wale walikuwa na haya kumshinda Kimani.

Sheria ni yake. Ukiombewa, picha ya shukrani hutundikwa kabla hujapona, kwa sababu kungoja vipimo ni kukosa imani. Na ikishatundikwa haiteremshwi.

Zamu ya mdogo wangu Lynette ikafika. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Nilimchora akicheka kitandani, na wiki iliyofuata majibu yakatoka: kansa, bado changa, ikatwe upesi.

"Siendi," aliniambia jikoni. "Nishatoa ushuhuda, Mumbi. Picha iko pale. Nikienda kukatwa, nimemfanya Mungu mwongo."

Na huyu ni nesi. Kila siku anawaandaa wagonjwa kwa upasuaji.

Nilimkuta Kimani ofisini akila sambusa, mafuta yamemjaa vidoleni.

"Sista Mumbi, mimi sijamkataza," alisema. "Hiyo ni imani yake."

"Basi iteremshe hiyo picha."

"Na watu watasemaje?" Akajipangusa kinywa kwa ule ule mkono ninaouchora. Nilitoka nje nikatema mate.

Jumamosi nilirudi na brashi. Kwenye picha ya Lynette nilimfuta Kimani, na mahali pake nikaweka daktari: gauni la kijani, kofia, barakoa, kisu mkononi. Mwanga niliuelekeza kwenye kisu.

Jumapili Lynette aliitazama picha muda wa wimbo mzima. Kimani naye aliiona, akanuna, lakini sheria ilikuwa yake.

"Hivi ndivyo itakavyokuwa?" Lynette aliniuliza.

"Ndivyo ilivyochorwa."

Kesho yake alipiga simu hospitali mwenyewe. Walimkata, na madaktari wakasema wameitoa yote.

Alipopata nguvu alisimama mbele ya kanisa kushuhudia. Kabla hajafungua mdomo, Kimani alikwenda ukutani akaweka kidole juu ya barakoa.

"Mnayaona haya macho?" alisema. "Ni yangu. Bwana alinipeleka ndani ya chumba kile nikiwa nimefunikwa uso."

Kanisa zima likaitikia. Daktari aliyemkata Lynette ni mwanamke. Alikuja kumjulia hali kitandani, nami nilikuwepo. Nikamkazia macho mdogo wangu, nikingoja aseme.

Aligusa kovu lake juu ya blauzi, akayatazama yale macho niliyoyachora mimi.

"Amina, Pasta," alisema.

Alikuwa hai. Nikapiga makofi na wenzangu.