Fisi Hana Jina

Katoro nzima ilijua kwamba mashine ya kumshinda Maganga bado haijaundwa. Mchimbaji huyo alikuwa akikodi mashine ya gemu ya mkononi kwenye banda la Asteria, ajiburudishe huku akingoja zamu yake ya kushuka duarani, shimoni kwenye dhahabu. Hazikupita dakika mbili keshatoka kwenye gemu, keshaingia kwenye kubeti, na wenzake wamemzunguka wakisuka mikeka ya mechi. Wake zao walichoka kuona pesa zikiteketea, wakashtaki. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Zipora, akaja bandani.

"Ijumaa nakuja na Maganga mwenyewe," alisema. "Akifungua chochote kisichokuwa gemu, banda nalifunga."

Asteria alilipenda banda lile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa fundi simu pekee wa kike pale sokoni, na mashine zote kumi alizipata zikiwa mbovu, akazifufua kwa mikono yake. Ila kwa Maganga alikuwa anatwanga maji kwenye kinu. Kila programu mbaya iliyofunguliwa aliifunga, akaandika jina lake kwenye karatasi ukutani, na kesho yake Maganga akaja na nyingine. Alikwishafunga arobaini.

Jumatano baba yake, Mzee Mwigulu, akafika kutoka Ushetu kumjulia hali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Karatasi hiyo ya nini?"

"Majina ya vitu nilivyovikataza visifunguke."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nimefuga miaka hamsini, sijui jina la fisi hata mmoja."

Asteria alikumbuka jioni za nyumbani, baba kasimama mlangoni mwa zizi akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Aliyeitwa aliingia. Asiyeitwa, awe fisi au ndama wa jirani, alibaki nje. Kaka zake walisimama pamoja na baba, maana kwa Mzee Mwigulu kuwapa ng'ombe majina na kuwaita ilikuwa kazi ya wanaume. Yeye alichungulia kupitia ua wa miiba.

Akaichana ile karatasi. Akachagua gemu tano, akaziagiza mashine zote kumi zifungue hizo tu. Kingine chochote, hata kile ambacho hakijabuniwa bado, kibaki nje.

Ijumaa watu walijaa bandani, Mzee Mwigulu kaketi kati yao. Maganga alibonyeza kila kona ya kioo, akazima, akawasha, akachomeka kadi yake mwenyewe yenye programu za kubeti, aliyokuja nayo mfukoni. Kila mara zilirudi gemu zilezile tano. Alihangaika saa nzima, jasho likimtoka, kisha akaiweka mashine mezani taratibu.

"Mwenyekiti, huyu dada kanifungia nje," alisema. Akamgeukia Asteria. "Nani kakufundisha?"

"Baba. Nilikuwa nachungulia zizini."

Mama Zipora alimpa mkono mbele ya watu wote, na Asteria akajisikia fahari isiyofichika, wala hakujaribu kuificha. Lakini macho yake yalikuwa kwa mzee, ambaye miaka yote aliwaambia watu wa Ushetu kwamba binti yake kapotelea kwenye midoli.

Mzee Mwigulu alisimama, akavaa kofia yake.

"Nyumbani kuna ndama watatu hawajapata majina," alisema. "Kaka zako wanangoja niwape. Waache wangoje. Utakuja kuwapa wewe."