Toa Tisa Pande Zote Mbili

Mimi jibu peke yake silinunui. Mwanafunzi akiniandikia x ni sawa na sita bila hatua, namuuliza: hiyo sita imeshuka kutoka mbinguni? Nataka nione ametoa nini pande zote mbili, kisha amegawa kwa ngapi. Ndiyo maana binti wa kaka yangu alinitia wasiwasi.

Kaka alimleta akae kwangu asome. Hesabu zilikuwa zimempiga chenga kabisa. Nikamweka darasani kwangu pamoja na mwanangu, yule tunayemwita Profesa tangu utotoni alipokuwa akivaa miwani ya babu yake. Muhula haujaisha, binti akaanza kupata milinganyo yote. Yote! Mtu aliyekuwa akitoa tano upande wa kushoto na kuusahau wa kulia, leo anampita Profesa? Nikajua hapa kuna mchezo.

Mitihani naitungia nyumbani, na karatasi hukaa mkobani mwangu. Jumamosi moja nikamkuta binti ameuinamia mkoba huo, mkono ndani.

"Unatafuta nini?"

"Vipande vya chaki, shangazi. Nafanyia mazoezi nyuma ya mlango wa stoo."

"Chaki!" Nikacheka kicheko kibaya, wala sikwenda kuutazama huo mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Palepale nikampigia kaka simu: mwanao anaiba mitihani, nitamnasa wiki hii, Ijumaa uje umchukue.

"Sawa, dada," kaka akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Profesa alikuwa mezani, anasikia kila neno. "Mama, usimfukuze, bwana. Labda kweli ni chaki." Nikaona mwanangu ana huruma iliyopitiliza.

Nikatunga karatasi mbili. Ile ya uongo, niliyoiacha mkobani, ilikuwa na swali la 4x + 9 = 33. Ya kweli, iliyofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ilisema 4x + 9 = 37. Jibu la kweli ni saba. Atakayeandika sita, huyo ndiye aliyeingiza mkono mkobani.

Siku ya mtihani nilimzunguka binti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akitazama dari, nasema anakumbuka alichokiiba. Akifuta, nasema amechanganyikiwa. Profesa alimaliza mapema, akakunja mikono akatulia.

Ijumaa mchana nikakaa nyumbani kusahihisha, nikaanza na ya binti. *Toa 9 pande zote mbili: 4x = 28. Gawa pande zote mbili kwa 4: x = 7.* Chini yake alikuwa amerudisha saba mahali pa x kuhakikisha, na pande zikalingana. Niliigeuza karatasi ile mbele na nyuma nikitafuta kosa. Badala ya kufurahi nilikasirika, nikadhani ameunusa mtego.

Ikafuata ya Profesa, mwandiko wake mzuri kama kawaida. *4x + 9 = 37. Toa 9 pande zote mbili: 4x = 24. Gawa pande zote mbili kwa 4: x = 6.* Nikaisoma upya. Thelathini na saba ukitoa tisa, ishirini na nne? Mwanangu hakosei kutoa. Swali alilinakili bila kuliangalia, hatua akazimwaga kama alivyozikariri. Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Hodi!" Kaka alikuwa mlangoni. Binti akatoka chumbani, begi mkononi, viatu ameshavaa.

"Kaka, rudisheni begi ndani," nikasema. "Mwizi ni wangu. Nimemwonea mwanao."

Kaka akamgeukia binti. Binti akanitazama mimi bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Shule nitaendelea kuja, shangazi. Shikamoo nitakupa na kazi nitakukusanyia. Ila nitahamia bweni. Hapa silali tena."

Nilimbembeleza mpaka getini. Hakukubali.

Niliporudi, Profesa alikuwa amesimama kando ya meza, ameiona karatasi yake. Nilitaka kumzaba kibao, mkono ukakataa.

"Jumatatu tunakwenda wote kwa mwalimu mkuu," nikamwambia. "Utasema mwenyewe."

Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Ya nini tena, mama?" akaniuliza. "Si ameshaondoka?"