Friji za Angani

Fundi Barafu, mtengeneza friji kwa miaka thelathini, alikuwa hajasemezana na bintiye tangu binti alipoacha chuo cha ufundi ili aandike riwaya. "Kutunga uongo nako ni kazi?" alimuuliza mezani, mbele za watu. Binti akabeba begi lake. Miaka mitatu sasa, kimya.

Halafu kitabu chake kikafika kwa posta, bila barua, na picha ya chombo cha angani kwenye jalada. Mzee akaogopa kukifungua. Ndiyo, akaogopa, mtu anayeshika nyaya za umeme kwa mikono mitupu! Akaona kwanza asome vya watu wengine, asije akaonekana mshamba. Akaazima vitano maktaba, akawa anavisoma karakanani, miwani puani, kurasa akizibana kwa koleo.

"Vipi, vinasomeka?" mkewe akamuuliza.

"Upuuzi mtupu, mke wangu. Watu wanagandishwa, wanalala ndani ya friji miaka mia mbili mpaka wafike nyota nyingine. Haya, nahodha yupo, maprofesa wapo, wanajeshi ndio usiseme. Fundi je? Hakuna! Miaka mia mbili, hata mpira wa mlango haujabadilishwa!"

"Si ufungue cha mwanao basi, utuache tupumue."

Akakifungua. Humo namo watu walilala kwenye barafu, ila mmoja alibaki macho: mzee mwenye bisibisi nyuma ya sikio, anayezeeka peke yake ili wenzake wafike. Kabla hajafungua mashine yoyote, mzee huyo huiwekea kiganja ubavuni, akasikiliza. Fundi Barafu akakitazama kiganja chake mwenyewe. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kitambaa cha grisi.

Kufika ukurasa wa arobaini, akaruka kitini. "Ala! Anajaza gesi kabla ya kuziba panapovuja? Mimi? Lini?" Akanyakua simu, akapiga namba ambayo miaka yote hiyo hakuifuta.

"Umenitia aibu," akasema, hata salamu hakuna. "Unaziba kwanza, ndipo unajaza. Si nilikufundisha ukiwa na miaka tisa?"

Upande wa pili mtu akavuta kamasi.

"Shikamoo, baba," binti akasema. "Najua. Niliweka makusudi. Mengine yote ungeyanyamazia, ila hilo nilijua hutaliacha."

Fundi akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Marahaba," akasema.