Mshumaa wa Nne wa Bi Velika

Watu arobaini na tisa. Tsonka Marcheva alikuwa amehesabu mara tatu, na mara zote tatu walikuwa haohao. Vitongoji sita vya kijiji cha Sredna Rakita vimetawanyika vilimani, kila kimoja na bonde lake, na yeye, mpeleka barua mstaafu wa miaka sitini na mitatu, alikuwa amevipanda vyote kwa miguu na mkoba wa sensa begani. Malangoni alikuta zimebandikwa karatasi za kutangaza vifo, zenye picha na utepe mweusi, nyingi kuliko watu wa kumfungulia.

Hamsini ndiyo idadi iliyotakiwa. Wilaya ilikwishatoa kauli: kijiji kikishuka chini ya hapo, basi la mjini linaondolewa. Na Tsonka alilitaka basi hilo kuliko yeyote. Miaka arobaini nyuma, basi lilipokuwa bado halifiki, uchungu wa kuzaa ulimkamata theluji ikiwa kiunoni, akazalishwa na Bi Velika, mkunga wa kijiji, jikoni kwa mama mkwe wake. Alipozinduka kutoka kwenye homa ya siku mbili, aliambiwa mtoto alizaliwa amekufa. Hakuonyeshwa hata kaburi, na hakujaliwa mwingine. Ndiyo maana fomu ilipouliza, kama inavyomuuliza kila mwanamke, amezaa watoto wangapi waliozaliwa hai, kwenye yake aliandika sifuri na kuisukuma chini kabisa ya mkoba.

Sasa, huyo huyo Bi Velika alisema nyumbani kwake wapo wawili: yeye na mwanawe Yavor.

Yavor aliondoka kwenda Uhispania miaka kumi na mmoja iliyopita, na hakuna aliyemtia machoni tangu hapo. Siku ya kwanza Tsonka aliambiwa amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Siku ya pili ameenda msituni kuokota kuni. Siku ya tatu anaoga. Kwenye kamba palianikwa suruali ya kiume, lakini ni ileile tangu Jumatatu, imelowa mvua na kukauka mara mbili. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kikavu. Tsonka hakuwa mtoto wa kuchezewa hivyo.

Alimwendea Gerasim, msimamizi wa kijiji, akamweleza mashaka yake. Gerasim akacheka.

"Dada Tsonka, mama akisema mwanawe yupo ndani, wewe nani wa kumfunua shuka? Andika hamsini tupumzike."

"Nimeapa kuandika ninaowaona."

"Basi vaa miwani."

Kicheko kile ndicho kilichomtia wasiwasi zaidi. Usiku ule hakupata usingizi, kila kitu kikijipanga chenyewe kichwani. Yavor alikufa ugenini. Mama yake hakubandika karatasi langoni ili basi libaki, na Gerasim anajua. Wamepanga, na wanataka yeye ndiye atie sahihi ya uongo wao.

Jumamosi ilikuwa ya marehemu. Watu wote wa Sredna Rakita hupanda makaburini na ngano iliyochemshwa kwa sukari, mkate na divai, na kila marehemu huwashiwa mshumaa wake. Hapo, Tsonka aliwaza, hata Bi Velika hataweza kudanganya. Alijifanya anang'oa magugu kwenye kaburi la mumewe, jicho likiwa kwa mwenzake. Bi Velika alikuwa na wafu watatu, kila mtu alijua: mume na wakwe wawili. Akawasha mshumaa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akatazama nyuma, akatoa wa nne mfukoni, akajikongoja hadi kwenye uzio, chini ya mti wa mplamu, mahali pasipo na msalaba. Akauchomeka udongoni na kumwaga ngano kidogo, midomo ikimcheza.

"Nimekukamata," Tsonka alijisemea. Hakuona raha yoyote.

Adhuhuri alikuwa mlangoni kwa Bi Velika, kalamu mkononi.

"Bi Velika, namfuta Yavor. Nimeuona mshumaa wake."

Bibi yule akasukuma mlango wa chumba cha ndani. Kitandani alikaa mwanamume mwenye ndevu za majuma mengi, mkono wa kulia wa shati lake ukiwa mtupu, umebanwa kwa pini begani. Aliyekwenda kutafuta pesa za kujenga nyumba alirudi Agosti na begi moja, baada ya mashine kumkata mkono, na aibu ilimzuia kutoka nje. Yavor alimpa Tsonka kitambulisho kwa mkono wa kushoto.

"Niandike, shangazi. Ila usiwaambie watu."

Aliandika. Hamsini. Alipaswa kufurahi, maana basi limebaki, lakini aliona haya hadi masikio yakamchoma. Hata hivyo mshumaa wa nne ulibaki bila mwenyewe. Akamfuata Bi Velika jikoni.

"Kama Yavor yu hai, pale kwenye uzio ni nani?"

Bi Velika alivuta kiti, akakaa.

"Wako."

"Wangu alizaliwa amekufa."

"Alilia, mwanangu. Alilia karibu saa nzima, mimi nimempakata. Mama mkwe wako aliniapisha nisikwambie, eti utapata wazimu. Alipokufa yeye, nikaona nimechelewa. Nikaona aibu. Nikabaki na mshumaa."

Hasira ilimpanda Tsonka kiasi kwamba alishika ukingo wa meza asije akampiga mzee. Miaka arobaini. Amepita kando ya mplamu ule kila Jumamosi ya marehemu, mikono ikiwa imejaa ngano ya wafu wengine. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na Bi Velika hakuthubutu kumgusa.

Alipotulia, alichimba chini ya mkoba, akaitoa fomu yake mwenyewe. Akakata sifuri, akaandika moja.

"Nilimmwagia maji ya ubatizo mwenyewe nikampa jina," Bi Velika alisema. "Mshumaa hauwashwi bila jina."

Fomu haikuwa na mahali pa jina la mtoto. Tsonka akaigeuza upande wa nyuma, akailaza mezani, akaifuta kalamu kwenye sketi.

"Nitajie polepole," alisema, "nisikosee."